Kabla ya Kuvunja Ukuta: Jinsi Wabunifu Wanavyoliendea Jengo Lililokwisha Kujengwa

Kwa wananchi wengi, nyumba haimaliziki siku familia inapohamia. Kijana akioa, chumba huongezwa uani. Barabara ya mtaa ikipata lami, chumba cha mbele hugeuzwa fremu ya duka. Wapangaji wakiondoka, ukuta hubomolewa ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja. Kazi za namna hii huonekana ndogo zikilinganishwa na ujenzi mpya, na kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi huzikabidhi kwa fundi wa kwanza anayepatikana, bila mchoro, bila kibali na bila mkataba wa maandishi.

Hata hivyo, kulibadili jengo lililopo hudai uangalifu mkubwa kuliko kujenga jipya. Anayejenga upya huchagua msingi, unene wa kuta na wingi wa nondo. Anayebadili hurithi maamuzi ya watu waliomtangulia, na mengi ya maamuzi hayo yamefichwa ndani ya plasta na chini ya sakafu. Akikosea, hasara haiishii kwenye mfuko wake. Humpata mpangaji aliyelala chumba cha pili, jirani wa ukuta wa pamoja na mteja aliyeingia dukani kununua sukari.

Makala haya yanaeleza namna wabunifu majengo waliofunzwa wanavyoikabili kazi hiyo. Lengo lake ni kumwezesha mlaji kufahamu anacholipia, kutambua ushauri usiofaa na kuuliza maswali yanayostahili kabla fedha haijatoka mkononi.

Hatua ya kwanza: kulisoma jengo

Mbunifu makini haanzi kwa kuchora. Huanza kwa kulisoma jengo kama daktari anavyompima mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Hupima kila chumba na kuchora ramani ya jengo jinsi lilivyo sasa, kwa kuwa michoro ya awali, hata ikipatikana, mara nyingi hailingani na kilichojengwa. Humuuliza mwenye nyumba historia yake: ilijengwa kwa awamu ngapi, nani aliongeza chumba cha nyuma, maji ya mvua hutuama wapi wakati wa masika, bomba lilipasuka lini.

Kisha huangalia nyufa. Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye plasta mara nyingi hutokana na plasta yenyewe kusinyaa ilipokuwa ikikauka. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha, unaopita hadi upande wa pili wa ukuta, au unaopanuka kadiri unavyokwenda juu, huweza kuwa dalili kwamba sehemu ya msingi inadidimia. Njia rahisi ya kujua kama ufa bado unatembea ni kuweka alama za penseli pande zake mbili, kuandika tarehe na kupima umbali kati ya alama hizo kila mwezi. Ufa uliotulia hutibiwa kwa namna moja na ufa unaokua hutibiwa kwa namna nyingine kabisa. Fundi anayeshauri kuziba ufa kwa saruji na kupaka rangi bila kuuliza umeanza lini ameficha dalili na kuuacha ugonjwa.

Mbunifu huchunguza pia unyevu kwenye kuta, mbao za kenchi zilizoliwa na mchwa, nondo zilizoota kutu na kusukuma zege hadi likabanduka, nyaya za umeme za zamani, na mahali lilipo shimo la maji taka. Hili la mwisho husahaulika mara nyingi. Chumba kinachoongezwa uani kikijengwa juu ya shimo la zamani lililofunikwa, sakafu yake huweza kutitia miaka michache baadaye. Katika majengo yaliyoezekwa zamani kwa vigae au mabati ya asbesto, vifaa hivyo havipaswi kukatwa, kuvunjwa wala kupigwa msasa kiholela, kwa kuwa vumbi lake likivutwa huleta maradhi makubwa ya mapafu.

Baadhi ya mambo hayaonekani kwa macho. Hapo mbunifu huomba ruhusa ya kuchimba pembeni mwa msingi ili kuona kina na upana wake, au kubandua plasta sehemu ndogo ili kujua ukuta umejengwa kwa tofali gani. Wenye nyumba wengi huona gharama ya uchunguzi huu kuwa ni fedha iliyopotea, kwa sababu mwisho wake hakuna kitu kipya cha kuonyesha. Lakini kila jambo lisilojulikana kabla ya kazi huja kujulikana katikati ya kazi, wakati paa limekwisha ezuliwa na bajeti imekwisha gawanywa.

Uzito unakwenda wapi?

Swali la pili la mbunifu, akishirikiana na mhandisi wa miundo, ni hili: uzito wa jengo unashukaje hadi ardhini? Uzito wa paa hubebwa na kenchi, kenchi hukalia lenta na kuta, kuta hukalia msingi, na msingi hukalia udongo. Ukiondoa kiungo kimoja, mzigo hautoweki. Hutafuta njia nyingine.

Chukua mfano wa fremu ya duka. Mwenye nyumba anataka ukuta wa mbele utobolewe uwazi wa mita 3 ili kuweka mlango wa kukunja. Lenta iliyokuwa juu ya dirisha la mita moja na nusu haikukusudiwa kubeba uwazi mara mbili ya huo. Kazi ikifanywa ipasavyo, mhandisi hukokotoa bimu mpya na vikalio vyake, paa huegemezwa kwa mirunda kabla ya tofali la kwanza kutolewa, na mirunda hiyo haiondolewi hadi zege la bimu likomae. Kazi ikifanywa kwa kubahatisha, ukuta hutobolewa asubuhi, lenta hupinda taratibu, na mlango wa kukunja hugoma kufunguka kabla mwaka haujaisha. Mlango unaogoma ni ishara ya mapema. Usiiandamanishe na kutia grisi tu.

Mfano mzito zaidi ni wa kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya chini. Zege huwa na uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15, juu ya chumba cha mita 4 kwa 4, ina ujazo wa mita 2.4, yaani uzito wa karibu kilo 5,760. Hizo ni takriban tani 6 kwa chumba kimoja, kabla ya kuhesabu kuta za juu, samani na watu. Ukuta mmoja wa tofali za saruji za inchi 6, wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, huongeza takriban tani 3 na nusu. Bati lililokuwa likibebwa na nyumba hiyo halifiki hata kilo 10 kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo anayesema kuwa msingi wa nyumba ya bati utabeba ghorofa kwa sababu umekaa miaka 20 bila tatizo hajajibu swali lililoulizwa. Msingi huo haujawahi kupewa mzigo wa namna hiyo hata siku moja.

Hesabu hiyohiyo inahusu mambo yanayoonekana madogo. Tangi la maji la lita 2,000 likijaa lina tani 2 za maji. Kulipandisha juu ya ukuta wa uani au juu ya sakafu ya zege ambayo haikusanifiwa kwa kazi hiyo ni kubadili jengo, ingawa hakuna tofali lililoguswa.

Kila jengo na vifaa vyake

Kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote ni kutibu jengo la zamani kwa vifaa vigeni kwake. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatoa funzo lililo wazi. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita 3 au pungufu.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Plasta ya chokaa huuruhusu unyevu huo kutoka nje na kukauka kwa upepo. Mwenye nyumba akiona plasta ya zamani imemong'onyoka, akaibandua na kupiga saruji akidhani anaimarisha, huwa ameufungia unyevu ndani. Saruji ni ngumu na nzito kuliko ukuta inaoufunika. Maji hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya, mawe hulainika, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza mahali pasipoonekana. Nje nyumba hupendeza kwa miaka michache, na ndani uti wake wa mgongo unaliwa. Ndiyo maana mtu anayetaka kugusa nyumba katika eneo hilo hupaswa kwanza kupata idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilipoporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Tukio hilo linapaswa kumkumbusha kila mwenye jengo kwamba kipindi cha ukarabati ni kipindi cha hatari, maana ndipo viungo vinapofunguliwa na mizigo inapohamishwa. Watu hawapaswi kuendelea kulala au kufanya biashara chini ya sehemu inayovunjwa, hata kwa siku mbili tatu.

Kugusa panapostahili, kuacha panapofaa

Baada ya uchunguzi, mbunifu huamua aguse kiasi gani. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuanza na hatua ndogo kabisa inayoweza kutatua tatizo, na kupanda hatua kwa hatua. Kwanza hutazamwa kama matengenezo ya kawaida yanatosha. Yasipotosha, hufuata kuimarisha kilichopo, kisha kubadilisha kipande kilichoharibika, kisha kuongeza kitu kipya, na kubomoa huwa hatua ya mwisho.

Mfano unaojulikana sana miongoni mwa wabunifu ulitokea Ufaransa mwaka 1996. Jiji la Bordeaux liliwaomba Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wakipendezeshe kiwanja kidogo cha wazi kiitwacho place Léon Aucoc. Walikitembelea, wakazungumza na wakazi, wakaona kwamba tayari kilikuwa kizuri na kinatumika vyema. Pendekezo lao likawa ni kutojenga kitu chochote, bali kubadili changarawe, kufanya usafi mara nyingi zaidi, kutunza miti na kurekebisha kidogo njia za magari. Miaka mingi baadaye wabunifu hao, wakishirikiana na wenzao, waliongeza vyumba vya kioo na roshani kwa nje kwenye majengo ya nyumba 530 katika jiji hilohilo, bila kubomoa majengo hayo na bila kuwahamisha wakazi. Mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa katika taaluma ya ubunifu wa majengo. Funzo kwa mlaji ni kwamba mbunifu anayekwambia usijenge huenda ndiye anayestahili zaidi malipo yake, na kwamba ada inayotegemea tu ukubwa wa ujenzi haimpi mshauri sababu ya kukupunguzia kazi.

Pale panapolazimu kuongeza kitu kipya, wabunifu hujiuliza maswali mawili. La kwanza ni kama kitu hicho kitaweza kuondolewa baadaye bila kuacha jeraha. Ukuta mwepesi wa mbao unaogawa chumba unaweza kufunguliwa, ilhali ukuta wa tofali hudai nyundo. La pili ni kama kipya kitaonekana kuwa ni kipya. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza uhifadhi wa majengo ya kihistoria, unataka sehemu zinazojazwa zipatane na jengo zima lakini ziweze kutofautishwa na za asili, ili historia isighushiwe. Kwa nyumba ya kawaida kanuni hii ina faida ya kiutendaji: anayekuja kutengeneza miaka 30 baadaye anatambua mara moja sehemu ipi iliongezwa.

Kubadili matumizi nako kunaweza kuliokoa jengo. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid, limetumika kwa shughuli mbalimbali za serikali kwa zaidi ya karne moja. Lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji hilo. Matumizi yaliyochaguliwa yaliendana na vyumba vilivyokuwapo. Hapo ndipo penye siri ya kazi hizi: ni rahisi kutafuta shughuli inayolifaa jengo kuliko kulilazimisha jengo lifae shughuli.

Nafasi iliyo wazi nayo ni sehemu ya nyumba

Uani, baraza na ujia kati ya nyumba mbili huonekana kama nafasi zilizobaki bila kazi. Mbunifu huziona vinginevyo. Uani ndio unaoingiza mwanga na kutoa hewa ya moto, baraza hukinga ukuta dhidi ya jua na mvua, na ujia ndio mkondo wa maji na njia ya kukimbilia moto ukizuka. Nyumba iliyojaza uani kwa vyumba vya kupangisha huongeza kodi kwa muda, lakini vyumba vya kati hubaki bila dirisha linalofunguka nje. Wapangaji huwasha taa mchana, ukungu huota ukutani, na gharama ya feni na umeme huwa ya kila siku. Kabla ya kujenga uani, mwombe mbunifu akuonyeshe kwenye mchoro hewa itaingia wapi na itatokea wapi katika kila chumba, na maji ya paa jipya yatamwagikia kiwanja cha nani.

Nani afanye nini

Mbunifu majengo huchora na kupanga nafasi. Mhandisi wa miundo hukokotoa kinachobeba uzito. Mkadiriaji majenzi hukadiria gharama, na mkandarasi hujenga. Kwa Tanzania Bara, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na AQRB, wahandisi na ERB, na makandarasi na CRB. Mlaji ana haki ya kuomba namba ya usajili na kuihakiki kwenye bodi husika kabla ya kusaini chochote. Kazi ya umeme apewe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya eneo lako, na kubadili matumizi ya jengo, kwa mfano kutoka makazi kwenda biashara, nako huhitaji ridhaa ya mamlaka. Usikubali kauli kwamba kazi ya ndani haihitaji kibali kabla hujaiuliza halmashauri yenyewe. Ikiwa wewe ni mpangaji, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikieleza nani atalipia mabadiliko na nini kitafanyika mkataba wa pango ukiisha.

Mkataba wa kazi utaje mambo yatakayofanyika, vifaa vitakavyotumika, bei, muda, na utaratibu wa kukubaliana juu ya kazi za ziada. Katika majengo yaliyopo kazi za ziada ni za kawaida, hivyo tenga akiba na uweke sharti kwamba hakuna nyongeza itakayolipwa bila kuandikwa na kusainiwa kabla ya kufanyika. Lipa kwa hatua zilizokamilika, na ubakize sehemu ya malipo hadi kasoro zitakazojitokeza baada ya kukabidhiwa zirekebishwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali mchoro

1. Je, umepima jengo langu lote jinsi lilivyo sasa, na naweza kupata nakala ya vipimo hivyo?
2. Ukuta unaotaka kuuondoa unabeba nini, na mhandisi gani amethibitisha kwa maandishi?
3. Ulijuaje uwezo wa msingi uliopo? Ulichimbwa ukaonekana, au umekisiwa?
4. Vifaa vipya vitapatana na vya zamani, hasa upande wa unyevu na uzito?
5. Je, tatizo langu laweza kutatuliwa kwa kazi ndogo kuliko hii?
6. Wakati wa kazi, jengo litaegemezwa vipi, na ni vyumba gani vitapaswa kuhamwa?
7. Majirani wa ukuta wa pamoja wataathirikaje, na wameelezwa?
8. Nitakabidhiwa michoro ya jengo lilivyokamilika ili atakayefuata asibahatishe?

Mtaalamu anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali haya, kwa kuwa mengi amekwisha jiuliza mwenyewe. Anayeyakwepa, au anayejibu kwamba amefanya kazi hii miaka mingi na hakuna kilichoanguka, hajakupa jibu la kuaminika. Mlaji akabidhi nyundo kwa yule tu aliyeweza kumweleza, kwa lugha anayoielewa, kitakachobaki kimesimama baada ya ukuta kuondoka.